Salamu za Fundi wa Matangi

9 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwenye cherehani yako. Mimi ni mzima, meno niliyoondoka nayo ninayo yote, yaani yale yaliyokuwa yamebaki. Wasalimie wanao na wajukuu. Msalimie muuza mkaa. Msalimie jirani mwenye mbuzi, lakini mbuzi wake usiwasalimie maana wanakula ua langu. Wote wanaoniulizia waambie Fundi amefika nchi ya watu, na nchi ya watu imemwona.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, usije ukadhani nimeandikiwa. Niliishia darasa la tatu lakini mwalimu mwenyewe alisema nikiendelea nitamfundisha yeye. Fundi bomba ninayelala naye chumba kimoja alitaka kuniazima simu niongee nanyi. Nimekataa. Kwenye simu mtu anakukata ukiwa katikati ya hoja. Kwenye barua unasema mpaka unamaliza.

Chumba kina vitanda viwili vya chuma, msumari mmoja wa kutundikia nguo, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ukuta huo umejengwa vibaya. Kila asubuhi nikifumbua macho naona matofali yanapanda kama ngazi, nakasirika kabla sijanawa uso. Nilimwambia mama mwenye nyumba amwite aliyejenga nimwonyeshe timazi ya kunyooshea ukuta inavyoshikwa. Akasema, "Aliyejenga ni marehemu mume wangu." Nikampa pole. Lakini ukuta ni mbovu.

Kazi ni ile niliyokueleza. Mkandarasi amenileta nijenge mabwawa ya saruji kwenye kituo cha kutunza wanyama pori walioumia. Vijana wa huku walijenga, yakavuja yote. Ndipo wakaulizana ni nani anayeyajua maji, na jibu unalijua. Tangu nishike mwiko sijaacha nyuma tangi linalovuja. Hata lile la nyuma ya nyumba yangu, nenda kapapase chini yake, utakuta kavu kama unga. Mabwawa yakikamilika narudi.

Jioni kazi ikiisha sina pa kwenda, kwa hiyo nimeomba kujitolea kulisha wanyama. Mkuu wa kituo ni Daktari wa wanyama, mwanamke mfupi, mkali, anatembea kama anakimbizwa. Akanipa sharti. Usiongee na mnyama. Usimwite, usimpigie mluzi. Unaweka chakula kwenye bomba, kinateleza mpaka ndani, unaondoka zako. Nikamuuliza, hata salamu? Akasema hasa salamu. Ati mnyama akizoea sauti ya mtu, siku akirudishwa porini atakuwa anawafuata watu, na si watu wote watakaompokea vizuri. Nikamwambia mimi nimelelewa na mama aliyekuwa akitufinya masikio tukipita bila kusalimia. Akasema, "Mzee, hapa si kwa mama yako."

Ameniambia mimi hivyo. Mtu wa umri wangu. Na ndoo ya samaki nimeishika mkononi.

Ufunguo wa nyumba unao wewe peke yako. Asiingie mtu.

Kaka yako,
Fundi


3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika na alama ya kidole gumba chenye saruji, nikajua ni wewe kabla sijaifungua. Huku sote tunaendelea. Wanangu hawajambo. Mjukuu wako mdogo ameota meno, anauma kila kinachokaribia, anaelekea kuchukua tabia yako. Mbuzi wa jirani wameshamaliza ua lako, sasa wamehamia kwenye kamba ya nguo. Nimepata kazi ya kushona sare za shule nzima, na vitambaa vimenijaa mpaka natafuta pa kukanyaga.

Usigombane na huyo Daktari. Umekwenda kujenga.

Kaka, katika salamu zako umemkumbuka muuza mkaa. Umewakumbuka mpaka mbuzi, ingawa kwa ubaya. Kaka yetu Mkubwa hukumtaja. Nilisoma mara mbili nikidhani nimeruka mstari. Aliteleza kwenye ngazi za kwake huko juu kilimani, akaumia goti. Tangu barua yako ifike anauliza, amesemaje huyo? Mtumie neno. Si mfuko wa saruji, halitakuvunja mgongo.

Nyumba yako i salama, naifagia. Mimi tu siku hizi silali vizuri, kikohozi cha upande wa pili wa ukuta kinaniamsha. Lakini nitazoea.

Mdogo wako,
Sindano


28 Machi

Sindano,

Salamu kwako, kwa wanao, kwa huyo mwenye meno mapya. Mwambie aume vizuri, hiyo ni damu yetu. Jirani simsalimii tena mpaka ua langu lisimame.

Nimesoma barua yako mbele ya Fundi bomba, nikamwambia hebu sikiliza hapa. Ukuta wa chumba chako una upande wa pili mmoja tu, na upande huo ni nyumba yangu. Naujua kwa sababu niliujenga mimi, na umenyooka. Sasa nieleze. Kikohozi ni cha nani?

Nangoja jibu. Wakati nangoja nikueleze mambo ya huku ujue ndugu yako anavyoheshimika.

Bwawa la kwanza limekwisha. Nililijaza maji nikamwita Mkandarasi, nikamwambia lala chini uweke shavu kwenye sakafu hapo nje. Akaweka. Kavu. Vijana walionidharau sasa wananibebea ndoo bila kuambiwa.

Ndani ya bwawa hilo wamemweka mnyama wa mtoni, mrefu kama soksi iliyojazwa mchanga, mkia mnene, masharubu kama ya ofisa mstaafu. Wanamwita fisi maji lakini sijaona ufisi wowote. Kazi yake ni samaki na usafi. Aliletwa amenaswa kwenye wavu, shingo imechunika. Mimi nimempa jina la Sharubu. Siku ya kwanza nilimpelekea samaki kwa bomba kama walivyotaka. Akatoa kichwa majini, akanitazama. Sindano, niliona aibu. Unampelekea mtu chakula halafu unaondoka kimya, hiyo ni jela, hata jela nyingine zina ustaarabu. Nikasema taratibu, hujambo Sharubu. Akapiga mluzi. Mluzi mwembamba, wa kujibu, si wa bahati mbaya. Nikasema tena, akajibu tena.

Tangu hapo napita kila asubuhi kabla mwiko haujagusa saruji. Hujambo Sharubu. Ananijibu. Daktari ana vyeti ukutani lakini hakuna mnyama anayemjibu. Ananijibu mimi.

Kikohozi.

Fundi


20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Sare nimeshona nusu, vidole vimevimba.

Kikohozi ni cha Mkubwa. Yuko nyumbani kwako, kwenye chumba chako cha mbele, juu ya kitanda chako, chini ya blanketi lako la kijani. Nimemfungulia mimi. Goti halikupona, ngazi za kwake zilimshinda, na baridi ya kule kilimani ikamwingia kifuani. Kwangu kuna vitambaa mpaka darini. Nyumba yako ilikuwa tupu inalea buibui. Ulitaka nifanyeje, nimning'inize kwenye msumari?

Hakutaka kuja, ujue. Alisema, hiyo ni nyumba ya mtu asiyenisemesha. Nikamwambia mtu huyo hayupo, na kuta hazijanuna. Hata hivyo aliingia kama mgeni, akavua viatu mlangoni, mpaka leo anaomba ruhusa ya kufungua dirisha. Anakunywa maji ya tangi lako. Siku ya kwanza alikunywa akatazama kikombe, akasema, huyu mtoto anajua kujenga. Ni yeye aliyesema, si mimi.

Na sasa kuhusu huyo mnyama wako. Nimefurahi ana adabu. Lakini nimekaa hapa nikatafakari mpaka nikajichoma sindano. Umeambiwa usimsalimie, unamsalimia. Unaamka mapema kumsalimia. Ndugu yako wa tumbo moja, aliyekubeba mgongoni ukiwa na surua, miaka yote hii unapishana naye njiani unatazama miti. Mnyama wa mtoni anapata hujambo. Mkubwa hapati kitu. Niambie mama angemfinya nani sikio.

Sindano


11 Mei

Sindano,

Wasalimie wanao. Wengine sina.

Mtoe. Mtandikie jikoni, mtandikie sebuleni, mpeleke kwa muuza mkaa, lakini kitandani kwangu mtoe. Nilikuachia ufunguo, umeugeuza leseni. Mimi nipo nchi ya watu napasua kokoto, wewe unapanga wapangaji.

Usinitajie mama. Kama umesahau nikukumbushe. Nilifika siku ile natoka jasho, nikakuta watu wananawa mikono. Koleo zimeegeshwa ukutani zina udongo mbichi. Mama yangu ameshafunikwa, sikumwona uso. Nikamwendea huyo unayemfunika blanketi langu, nikamuuliza mbona hukunisubiri. Akanitazama akasema, "Tulisubiri." Basi. Neno hilo tu, kwa mtoto wa marehemu. Tangu siku hiyo na mimi nimemwekea langu, na sitalitoa. Mtu anayeweza kunizikia mama bila mimi anaweza kuishi bila shikamoo yangu. Na ameishi. Amenenepa kabisa.

Huku nako kuna moto. Daktari amenifuma. Alikuwa amejificha nyuma ya mapipa, mtu mzima na shahada yake amechuchumaa nyuma ya mapipa. Nikasema hujambo Sharubu, Sharubu akajibu, na Daktari akachomoza. Sikupigiwa kelele, na hilo ndilo lililoniudhi. Akasema, "Mzee, unadhani unampenda. Unamzoesha sauti ya mtu. Mimi sitakuwepo mtoni kumchagulia watu." Nikamwambia mimi nimejenga bwawa lake, nina haki ya kubisha hodi. Akaniondoa kwenye kulisha. Nibaki na saruji yangu.

Nimekubali kwa mdomo. Lakini njia ya kwenda kwenye mchanga inapita pale pale, na koo langu lina kikohozi cha hapa na pale, na Sharubu anakijua.

Mtoe kitandani.

Fundi


6 Juni

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo, isipokuwa mmoja.

Hatoki. Ukitaka atoke njoo umbebe mwenyewe.

Siku hiyo ya mama nilikuwepo, kwa hiyo tuisimulie yote, usiimege kama mkate. Mjumbe alikufikia asubuhi. Alikukuta ndani ya tangi la zahanati, umeshapiga plasta nusu. Akakwambia mama amefariki, njoo. Ukamwambia nini? Ulimwambia, siwezi kuacha plasta katikati, itaacha kiungo, tangi litavuja. Ukamaliza kuta. Ukapiga na nili juu yake, ule uji wa saruji wa kulainisha. Ukaosha mwiko wako. Ndipo ukatafuta usafiri. Mjumbe alirudi akatuambia, na watu walisikia.

Unajua Mkubwa alifanya nini? Alitoka akasimama barabarani, kofia mkononi, jua likiwa kali. Kila gari likipita anasogea mbele. Wazee wakamwambia twende, akasema mdogo wangu yuko njiani. Wakamwambia tena. Wakamwambia mara ya tatu wakamshika mkono. Alipokuambia "tulisubiri" alikuwa na maana hiyo hiyo, tulisubiri. Wewe ulitaka hotuba.

Tangi la zahanati halivuji mpaka leo. Umesema kweli, hujawahi kuacha linalovuja.

Na sasa nikuudhi moja kwa moja, maana nimechoka kukuogopa. Barua zako namsomea Mkubwa. Macho yake hayashiki herufi tena. Nikifika mwisho naongeza kwa mdomo wangu: "Na kaka Mkubwa umpe shikamoo yangu, umwambie namkumbuka." Nimefanya hivyo tangu ile ya Februari. Akisikia anasema, "Haya." Basi, kwa macho ya dunia umeshamsalimia. Sema unanifanya nini.

Sindano


30 Julai

Kaka,

Shikamoo. Uko hai? Sijapata jibu. Mkubwa anauliza, na sina barua ya kutungia uongo.

Sindano


17 Agosti

Sindano,

Nipo hai. Sikuandika kwa sababu kila nikishika kalamu inaandika matusi, na karatasi huku ni za kutafuta.

Habari ya plasta sijibu. Wewe ni mshonaji. Ukikatisha mshono unafunga fundo, unaendelea kesho. Plasta haina fundo. Zahanati ile wagonjwa wanakunywa maji yake. Sina zaidi ya kusema hapo, na usirudie.

Lakini hilo la pili. Nani amekupa mdomo wangu? Miaka yote nimelilinda neno moja, usiku na mchana, kama mtu anavyolinda shamba, wewe umelichuma ukaenda kumgawia. Nimekuwa nikimsalimia mtu bila habari. Nimesema "namkumbuka". Mimi. Fundi bomba alinikuta nimekaa kitandani na barua yako akadhani nimefiwa.

Msomee ukweli. Msomee barua hii hii, asikie kwa masikio yake kwamba sijamsalimia, wala Februari, wala Machi, wala leo. Ukishindwa kumsomea usiniandikie tena.

Huku Sharubu amepelekwa mtoni. Shingo ilipona, Daktari akasema siku yake imefika. Wakamtia kwenye sanduku lililofunikwa gunia ili asione nyuso zetu. Mimi sikuruhusiwa kwenda. Nilisimama langoni na mwiko wangu, nina plasta mpaka kwenye nyusi. Gari likapita polepole. Nikasema kwaheri, kwa sauti ndogo sana, ndogo kuliko hii ninayoandikia. Ndani ya sanduku akajibu.

Daktari alikuwa amekaa mbele. Aligeuka akanitazama mpaka gari lilipokata kona. Afadhali angenitukana.

Fundi


9 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Wanangu wanakusalimu. Sare zimekwisha, shule nzima inang'aa.

Nimemsomea. Nilikaa kwenye kile kigoda chako, nikasoma kila neno mpaka kwenye jina lako. Nikafunga karatasi. Nikamwambia, kaka nisamehe, zile salamu zote nilizitunga mimi.

Akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikampokea, nikambeba kichwa. Alipopata pumzi akasema, "Nilijua tangu ya kwanza. Salamu zilikuwa hazina majigambo. Huyo hawezi kumpa mtu pole bila kujisifu kwanza." Nikamuuliza, mbona ulinyamaza? Akasema, "Ulikuwa unasoma vizuri."

Kaka, goti si goti tena. Miguu yote imevimba. Mganga wa zahanati amekuja, ameondoka anatazama chini. Chakula ni vijiko, tena kwa kubembelezwa. Ameniomba nimgeuzie kitanda atazame mlango, nimekigeuza, ukirudi ukikuta kimekaa vibaya ni mimi.

Zamani mtu akipita na mfuko wa barua alikuwa anainua shingo, anasema, amesemaje huyo? Sasa haulizi. Hilo ndilo linalonitisha.

Sikuombi tena kitu.

Sindano


4 Oktoba

Sindano,

Salamu kwako na wanao. Mabwawa yamekamilika. Mkandarasi anataka nibaki mwaka mwingine, ana kazi upande mwingine wa mji, anasema hajawahi kuona mkono kama wangu. Nimemwambia hatauona tena.

Sharubu amerudi.

Sikiliza nilivyoambiwa. Kule mtoni hakukaa na wenzake. Kuna kivuko watu wanafulia, akawa anatokea pale anawapigia mluzi. Wakacheka, wakamtupia mabaki. Akaona dunia ndiyo hiyo. Kisha akashuka mpaka kwa bwana mmoja anayefuga samaki. Yule bwana akamwona ndani ya bwawa lake, akapiga kelele kumfukuza. Mnyama mwingine angetoweka. Sharubu alisikia sauti ya mtu akatoka majini, akamwendea, anapiga mluzi. Yule bwana alikuwa na jembe.

Hakufa. Mgongo umevunjika, miguu ya nyuma inaburuta. Mtoni harudi tena. Wamemweka kwenye bwawa langu la mwisho, lile zuri kuliko yote, nililolipiga nili mpaka linateleza kama kikombe. Atakaa humo maisha yake yote, na halitavuja.

Nikamngoja Daktari anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, majibu ninayo mfukoni. Akaja, akasimama kando yangu, akaniambia, "Mzee, sasa msalimie. Msalimie kila siku. Hana kwingine kwa kwenda."

Hakuna tusi nililotukanwa maishani lililonifika kama hilo. Nimekasirika siku nzima. Nimemkasirikia mwenye jembe, nimewakasirikia wafuaji na mabaki yao, nimekwenda mpaka dirishani nikaukasirikia ukuta wa marehemu. Fundi bomba ameuliza nina nini, nikamwambia bomba zake zimepinda.

Asubuhi nikaenda ukingoni. Sharubu akaniona, akapiga mluzi kabla sijafungua mdomo. Anampigia kila anayepita. Anampigia hata kijana wa mkokoteni. Wengi hawamjibu, wana shughuli zao. Yeye hachoki wala hanuni. Anapiga, anangoja, anapiga tena. Kitu cha kuudhi kama hicho sijawahi kukiona.

Karatasi ya pili iliyomo humu si yako. Msomee mwenyewe, kama ilivyo. Usiongeze wala usipunguze, nitajua.

Fundi


4 Oktoba

Kwako kaka Mkubwa,

Sijakusamehe. Nataka hilo lisomwe la kwanza.

Uko kitandani kwangu bila kuniomba, umejifunika blanketi langu, na nimeambiwa kitanda kimegeuzwa. Kitanda kile nilikipanga hivyo kwa sababu zangu.

Nimejenga mabwawa nchi ya watu. Mafundi wote wa huku walishindwa. Nimeyajaza maji yote kwa siku moja na kuyazunguka nikiwa nimevaa soksi nyeupe, soksi hazikulowa. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo, huku wala huko. Ungekuwepo ungeona.

Sindano amenieleza habari za barabarani, za kofia. Hukuniambia. Ulisema neno moja tu. Mtu anamwambiaje ndugu yake neno moja.

Shikamoo.

Ni mimi. Hakuna aliyeniongezea.

Fundi


2 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Wanangu hawajambo. Yaliyobaki nitakueleza ukifika.

Nimemsomea karatasi yako kama ilivyo. Kwenye "sijakusamehe" alitabasamu. Kwenye soksi alifumba macho, nikadhani amelala, nikanyamaza. Akasema, endelea, ndiye huyu. Nikamalizia. Nje mbuzi wa jirani walikuwa wanalia. Halafu akasema chukua kalamu. Haya ni yake, sijagusa neno:

"Marahaba. Tulisubiri sana. Tangi lako la nyuma linavuja. Njoo ulizibe."

Kaka, nilikwenda nyuma. Nikapiga magoti, nikapapasa chini ya tangi lote kwa viganja viwili. Kavu kama unga. Nikarudi nikamwambia, kaka, mbona halivuji?

Akasema niandike hivyo hivyo, na barua niiwahishe.

Sindano